Bi Ngoja na Kompyuta Iliyojaa Ndoto

Asubuhi imeshapevuka. Jua limeingia sebuleni na kujilaza juu ya zulia, feni ya dari inazunguka kivivu, na kompyuta ya mezani iliyo kwenye kona imegeuka buluu tupu. Katikati ya ubuluu huo, vitone vyeupe vinazunguka, vinazunguka, vinazunguka.

Mbele ya kompyuta ameketi mwanamke aliyevaa ovaroli ya kijivu. Tuseme ameketi kinyume nayo, maana kiti amekigeuza. Ameipa mashine mgongo, anatazama dirisha, na macho yamemlegea. Ungemkuta hivi ungeapa kwamba fundi kalala na mwenye nyumba anaibiwa mchana kweupe.

"Silali," anasema bila kugeuka. "Mashine ikiwa inahama, mimi huiacha ihame. Mtu akihama nyumba, vyombo vyake huvikodolei macho, si ndiyo? Unasaidia kubeba, halafu unaangalia pembeni."

Mtaani wanamwita Bi Ngoja. Jina la kwenye cheti analo, ila wanaolikumbuka ni yeye na shangazi yake anayeishi naye. Hili la Bi Ngoja amepewa na wateja, kwa sababu kila mteja akinyoosha kidole abofye "nakubali", yeye hudakia, "Ngoja kwanza!" Amelisema mpaka limemganda. Watoto wakimwona anapita na mkoba wake mgongoni humpigia kelele hizohizo, naye huwatolea ulimi na kuendelea na safari.

Kazi yake ni kuhamisha kompyuta za majumbani kutoka mfumo wa zamani kwenda mfumo mpya. Msimu huu kazi imechangamka. Mfumo ambao watu wengi wanao nyumbani umezeeka, na waliouunda wameshasema hawautunzi tena, kwa hiyo asiyehama anabaki kama mwenye nyumba isiyo na kitasa. Wiki nzuri Bi Ngoja huhamisha mashine tano. Wiki mbaya ni moja, nayo ya shangazi, ya bure.

Wenzake wa kazi hiyo wanamcheka. Wao huingia nyumbani kwa mtu, ndiyo ndiyo ndiyo, nakubali nakubali, wakaaga chai haijapoa. Yeye asubuhi nzima inaishia kwenye nyumba moja.

"Wananiambia, wewe dada unakula muda. Nawaambia kweli naula, na ni mtamu," anasema, kisha anacheka peke yake mpaka mabega yanatikisika.

Muda wenyewe unaliwa na maswali. Mfumo mpya ukishaingia, kabla haujakuruhusu kufanya lolote, hukuuliza mambo. Watu wengi hawayasomi. Bi Ngoja huyasoma moja baada ya jingine, kwa sauti, akiyafasiri kutoka lugha ya mashine kwenda lugha ya sebuleni. Na mwiko wake ni mmoja tu: kidole chake hakibofyi jibu. Anayebofya ni mwenye nyumba.

Mwenye nyumba hii ni nesi mstaafu. Mtaa mzima bado unamwita Nesi, na wapo watu wazima wenye ndevu zao wanaoinamisha macho wakipishana naye, maana aliwachoma sindano wakiwa wadogo na wanajua anakumbuka walivyolia. Anaishi na mumewe, Mzee, ambaye masikio yamemgomea kidogo na kwa sasa yuko uani anapigana na bomba linalovuja. Wana binti mmoja tu. Yuko mbali, ana kazi na watoto, na hupiga simu mara mojamoja: Mama mzima? Baba mzima? Haya, nitapiga. Kisha hapigi.

Nesi ameketi kwenye ukingo wa kochi, mikono mapajani, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa. Leo mwenye hofu ni yeye.

Ndani ya kompyuta hii kuna ndoto zake.

Hilo alimweleza Bi Ngoja wiki iliyopita, mlango ukiwa umefungwa na sauti ikiwa ya chini. Kila akiamka, kabla hajanawa uso, Nesi huketi hapa kwenye kona, huwasha kipaza sauti ambacho binti alimnunulia kwa ajili ya kupigiana simu za video, na huisimulia mashine alichoota. Alianza baada ya kustaafu. Huko nyuma, asema, usiku wake ulikuwa wa zamu na mchana wake wa usingizi mzito usio na kitu ndani. Alipoanza kulala kama binadamu wengine, ndoto zikaja kwa mafungu, kana kwamba zilikuwa zimepanga foleni.

"Kwa nini hukumsimulia Mzee?" Bi Ngoja alimuuliza siku ile.

"Ukimsimulia Mzee ndoto, anakuuliza jana ulikula nini."

Basi anaisimulia mashine. Mashine haimkatizi. Haimwambii itakuwa malaria. Humo mna mambo ambayo Nesi hajawahi kumwambia mtu aliye macho. Wapo wagonjwa aliowapoteza, wanaokuja kumuuliza dawa zao. Kuna watu aliowapenda kabla ya Mzee. Kuna nyumba anayoirudia mara kwa mara. Asingependa hata moja itoke nje ya chumba hiki.

Lakini kubaki kwenye mfumo wa zamani nako kunatisha. Diski ya mashine imeanza kukohoa. Mlinzi wake hayupo tena, na jirani mmoja aliyebaki hivyohivyo aliamka akakuta mafaili yake yote yamefungwa na wezi wa mtandaoni wanaotaka walipwe. Nesi akihama, anaogopa mfumo mpya utasikiliza. Asipohama, anaogopa wezi, au siku diski itakapokata roho na ndoto zake zote. Ndiyo maana amekaa kama mgonjwa.

"Mwanangu," anamwambia Bi Ngoja, "mimi nimeona matumbo ya watu. Hakuna kinachonitia haya. Lakini hizo, hapana. Hizo zikitoka, nitapita wapi?"

"Hazitoki, mama."

"Niapie."

Bi Ngoja haapi. Anageuza kiti, kwa sababu buluu imeisha na swali la kwanza limejitokeza.

"Mashine inauliza," anaanza, kwa ile sauti yake ya kazi, ndefu na laini kama ya mtu anayembembeleza mtoto alale, "inauliza kama inaweza kujua uko wapi."

"Iambie niko nyumbani. Inataka nini zaidi?"

"Inataka kujua hata ukitoka."

"Kwani ni mume wangu?" Nesi anabofya hapana, na kwa mara ya kwanza leo anatabasamu.

"Mashine inauliza kama inaweza kusikiliza sauti yako, ipeleke kwa wenyewe walioiunda, wajifunzie jinsi watu wanavyozungumza."

Tabasamu linatoweka. Nesi anasogea mbele, anashika kipanya kwa mikono miwili, anabofya hapana, kisha anabofya tena palepale kuhakikisha.

"Mashine inauliza kama inaweza kukuletea matangazo yanayokufaa."

"Yanayonifaa mimi inayajuaje?"

"Ndiyo hivyo, mama. Ukikubali, itayajua."

"Ala!"

Wanaendelea hivyo, swali na jibu, swali na jibu. Chumba kimetulia. Feni inapuliza pazia, pazia linajaa hewa na kuishiwa, na sauti ya Bi Ngoja inapita juu ya kila kitu polepole hivi kwamba mwandishi wa makala haya anajikuta ameinamisha kichwa mara mbili. Si ajabu. Wateja wengi husinzia katikati ya maswali, na Bi Ngoja huwasubiri waamke. Hamwamshi mtu. Anasema mtu anayejibu huku anasinzia hajajibu.

Uvumilivu huo una asili yake. Alikulia kwenye nyumba ya chumba kimoja na pazia moja, watoto wengi upande huu, wazazi upande ule. Hakukuwa na sanduku lisilofunguliwa wala barua isiyosomwa na kila mtu. "Kwetu hata ukikaa ukawaza kidogo unaulizwa, we, unawaza nini? Nikajifunza kuwaza huku natabasamu, waone sina kitu." Baadaye alipata kazi ya kufagia kwenye duka la kompyuta, akajifunzia palepale kwa kuchungulia, na kilichompendeza zaidi ya vyote, anasema, kilikuwa nywila. Neno moja unalichagua mwenyewe, halafu mlango unafungwa. Hakuamini kwamba kitu kama hicho kipo na kinatolewa bure.

Kwa kawaida Bi Ngoja hujibu maswali yote, au tuseme hujibisha, akiwa amechomoa waya wa intaneti. Toleo hili jipya lina ujanja wake. Lilipofika mahali pa akaunti liligoma kabisa kuendelea bila mtandao. Basi akauchomeka waya.

"Mashine inataka barua pepe yako, mama. Unayo?"

"Ninayo. Binti alinifungulia." Nesi anaitaja herufi kwa herufi, kwa fahari, na nywila pia anaikumbuka.

Swali linalofuata ni la akiba. Mashine inauliza kama iweke nakala ya mafaili yake mahali pa mbali, kwenye akaunti yake, ili diski ikifa yasipotee. Hapa Bi Ngoja anasogeza sikio karibu na mashine. Anaisikia diski inavyokohoa.

"Mama, hili ngoja tulipime vizuri. Diski hii haitamaliza mwaka. Nakala itakaa ndani ya akaunti yako, imefungwa kwa nywila yako. Akaunti hii ni yako peke yako?"

"Yangu peke yangu."

"Hakuna mwingine anayeitumia?"

"Nani atumie? Ni ya kwangu, jina langu hilo hapo."

"Basi mimi ningekushauri ukubali."

Nesi anabofya ndiyo.

Wote wawili wamesema kweli kama wanavyoijua, na wote wawili wamekosea. Wanaoishi mbali na wazazi wao watakuwa wameshaelewa. Binti alipomfungulia mama yake barua pepe, aliifungua kwenye simu yake mwenyewe, kwa namba yake mwenyewe, ili mama akisahau nywila amsaidie. Akaunti ile haikuwahi kutoka kwenye simu ya binti. Imekaa humo miaka yote hii, kimya, haina barua wala faili, na kila mtu ameisahau.

Pembeni ya folda yenye ndoto kinatokea kiwingu kidogo. Ndani ya kiwingu, mshale unaelekea juu. Bi Ngoja anakitazama kwa kuridhika. Kisha simu ya Nesi inaita juu ya meza.

Ni binti. Nesi anaipokea na kuiweka spika, kama wanavyozoea kwa ajili ya masikio ya Mzee.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kuna nini? Watoto wazima?"

"Wazima wote. Mama, simu yangu imeniletea kitu sasa hivi. Ni sauti. Imeandikwa 'Ndoto', halafu tarehe. Ni yako?"

Mwandishi hajawahi kumwona mtu akirukia waya namna ile. Bi Ngoja amepiga magoti chini ya meza, amechomoa waya wa intaneti na kubaki ameukamata mkononi, anahema. Kiwingu pembeni ya folda kimesimama. Moja imeshapanda. Nyingine hazijaenda.

"Ni mimi," anasema kutoka chini ya meza, na sauti yake ya kubembeleza haipo tena. "Mama, nisamehe. Kosa langu. Nilikuuliza wewe, sikuiuliza simu."

Nesi hamsikii. Uso umempauka. Anaitazama simu kama inaweza kumng'ata.

"Umeisikiliza?" anauliza.

Huko upande wa pili kuna kelele za ofisi, mtu anacheka, mlango unafungwa. Halafu kimya, kama binti amejitenga mahali.

"Sijaifungua, mama. Nimeona nikuulize kwanza."

"Kwa nini hukuifungua?"

"Si imeandikwa ndoto, mama."

Nesi anaziba mdomo kwa kiganja. Uani Mzee anagonga bomba, ko, ko, ko, na kumuuliza mtu asiyekuwepo nani kakiweka kifuniko juu chini.

"Ifute," Nesi anasema hatimaye.

"Naifuta."

Bi Ngoja ametoka chini ya meza, vumbi magotini. Anaomba simu isogezwe, anamwelekeza binti taratibu: aifute, aingie kwenye kikapu cha taka, aifute na huko, kisha aiondoe akaunti ya mama kwenye simu yake kabisa. Binti anafanya kila anachoambiwa na kukirudia kwa sauti, imefutika, imefutika, nimeitoa. Nesi anasikiliza huku midomo yake ikifuata maneno hayo.

Imekwisha. Ingetosha hapo watu waagane, Mama mzima, Baba mzima, haya. Lakini simu haikatwi. Binti anapumua upande wa pili, na pumzi yake inasikika sebule nzima.

"Mama," anasema, "kwani wewe huwa unaota nini?"

Nesi anaitazama kompyuta, kisha anamtazama Bi Ngoja, na macho yake yamejaa maji. Anaivuta simu karibu.

Mwandishi anataka kubaki. Aseme kweli, alikuwa amekaa mkao wa kula kabisa, kalamu mkononi. Bi Ngoja anamshika mkono wa shati na kumwinua.

"Twende nje."

"Lakini..."

"Nje. Hii si yetu."

Kizingitini kuna vigae vya moto kwa jua. Fundi na mwandishi wanaketi hapo, na mlango nyuma yao umerudishwa. Kutoka ndani inasikika sauti tu, haisikiki neno. Ni sauti ya mtu anayesimulia kitu kirefu bila haraka. Inapanda, inashuka, inasimama kidogo kana kwamba inatafuta njia, kisha inaendelea.

Bi Ngoja anafuta vumbi magotini.

"Leo ningemwaibisha yule mama," anasema. "Kwa ushauri wangu mwenyewe. Kuanzia leo swali la kwanza kwa mteja yeyote nitamuuliza nani alikufungulia hii akaunti, na ilikuwa simu ya nani."

Kisha, kwa kuwa mchana ni mtulivu na hakuna la kufanya isipokuwa kungoja, anaeleza anachokitaka maishani. Anataka chumba. Kidogo tu, ghorofa ya chini, chenye meza moja na kiti kimoja. Mtu alete kompyuta yake, Bi Ngoja amsomee maswali yote, amweleze kila moja maana yake, halafu atoke nje amwachie. Mtu abaki peke yake na mashine yake, mlango umefungwa kwa ndani, ajibu anavyotaka, achukue muda anaotaka. Kuna chumba amekiona nyuma ya kituo cha kushonea nguo. Mwenye nacho anakitumia kuhifadhi magunia matupu. Bi Ngoja amekwenda mara kadhaa kumwomba, na kila akienda anakishika kitasa, anakizungusha, anasikiliza kinavyojifunga.

"Usiku huwa naota niko humo," anasema. Anamtazama mwandishi na kucheka. "Hiyo unaweza kuiandika. Hiyo naitoa."

Sauti ndani inakatika. Halafu kinasikika kicheko, si cha Nesi peke yake, cha watu wawili, kimoja kikitoka kwenye spika. Muda kidogo baadaye mlango unafunguliwa na Nesi anasimama kizingitini. Amelia, na haoni haya. Kitambaa cha kichwani kimesogea upande.

"Kumbe naye huiota," anasema. "Mwanangu. Nyumba ileile. Kaniambia na rangi ya mlango kabla sijaitaja."

"Nyumba gani?" mwandishi anauliza, na anafinywa ubavuni na fundi.

Nesi hata hajamsikia. Anaangalia barabarani, mahali hakuna kitu. "Miaka yote hii mimi huku naingia, yeye huko anaingia. Hatujawahi kukutana ndani."

Mzee anatokea uani na spana mkononi, amelowa mpaka kwapani. Anauliza kwa sauti kubwa nani kafiwa. Anaambiwa hakuna aliyefiwa, na anarudi kwa bomba lake akinung'unika kwamba basi watu wasilie ovyo.

Bi Ngoja anasimama, anajinyoosha mgongo. Kazi haijaisha. Waya bado uko sakafuni, ndoto nyingine zote ziko salama ndani ya diski inayokohoa, na nakala itabidi zihamishiwe kwenye diski ndogo ya kufungia kabatini. Lakini kwanza ana swali, na hili halikutoka kwa mashine.

"Mama, sasa kwa kuwa mmeongea, labda umebadilisha mawazo. Ukitaka, naweza kumfungulia binti zote zilizobaki. Awe anazisikiliza kidogokidogo huko aliko."

"Thubutu!" Nesi ameshika kiuno, na kwa mara ya kwanza leo ameonekana yule wa sindano. "Hizo zangu. Akitaka nyingine, apige simu."